Chumba Alichokosea Mama Stuli

Tarehe 30 mwezi huu wa Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika chuo chetu, mwalimu wetu wa hisabati na mratibu wa maendeleo ya walimu anastaafu. Kwenye mafaili ya ofisi ana jina kamili na cheo kirefu. Lakini kuanzia mlinzi wa getini mpaka mkuu wa chuo, hakuna anayemwita hivyo. Sote tunamwita Mama Stuli, na yeye huitika bila kununa.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, mwalimu wa kemia, kazi ya kuandika wasifu huu. Nimeambiwa nisitie chumvi, nami nimeahidi kujaribu. Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamlijui: mwaka jana nusura tuikose sherehe hii. Mama Stuli alikuwa ameshaamua kuondoka kabla ya wakati wake, kimya kimya, bila keki wala hotuba, akiamini kwamba hafai tena kusimama mbele ya darasa. Jinsi alivyobaki ndiko ninakotaka kufika, na mwenyewe ameniruhusu kusimulia. Ila siwezi kufika huko bila kupitia kwenye stuli.

Alikuja hapa akiwa mwalimu kijana, wakati chuo kilikuwa jengo moja na karakana ya useremala inayovuja. Alipewa kuwafundisha hesabu wanafunzi wa ufundi, watu walioapa kwamba wamekuja kusomea kazi za mikono ili waikimbie hisabati. Maseremala akawafundisha pembe kwa miguu ya meza zao wenyewe. Washonaji akawafundisha asilimia kwa kitambaa kinachosinyaa baada ya kufuliwa. Waliomkimbia siku ya kwanza walimaliza mwaka wakigombania viti vya mbele.

Mwaka wake wa pili chuo kilimleta fundi seremala wa nje kutengeneza madirisha. Wakongwe wanasimulia kwamba dirisha la chumba cha hisabati lilichukua muda mrefu kuliko madirisha mengine yote kwa pamoja, na likaharibika tena mara mbili kwa sababu zisizojulikana. Fundi yule ndiye mume wake, na sisi wote humwita Shemeji. Ukimuuliza habari za dirisha lile anajifanya hasikii.

Miaka ile maendeleo ya walimu yalikuwa semina moja kwa mwaka. Mtaalamu alikuja kutoka mbali na projekta yake, akawaambia walimu wawe wabunifu, wakala chakula cha mchana, wakapewa vyeti na kupigwa picha ya pamoja. Jumatatu kila mtu aliingia darasani akafundisha vilevile alivyofundisha Ijumaa. Siku moja, kwenye foleni ya chakula cha semina kama hiyo, Mama Stuli alisema kwa sauti kwamba walimu wote wanajua nani anatia vijiko vingapi vya sukari kwenye chai, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona mwenzake akifundisha. Watu wakacheka, yeye hakucheka.

Wiki iliyofuata alimwomba mwalimu wa ushonaji ruhusa ya kukaa nyuma ya darasa lake. Vyerehani vilikuwa vimejaa chumba na kiti hakikuwepo, kwa hiyo akaenda maabara kuazima stuli ndefu yenye mguu mmoja mfupi. Alikaa kipindi kizima akiyumba. Kisha stuli ikapelekwa kwa Shemeji, ikarudi na mguu mpya wa mti tofauti, mwekundu kuliko ile mitatu mingine. Maabara haijarudishiwa stuli yake mpaka leo, na mimi ninayeiongoza maabara hiyo nasamehe rasmi.

Alichokiona kwenye ushonaji kilimbadilisha. Mwalimu yule alikuwa na tabia ya kuleta gauni alilolishona vibaya kwa makusudi. Wanafunzi walitakiwa walikague, wafumue palipokosewa, washone upya. Mama Stuli akarudi kwenye chumba chake na kuanza kuandika ubaoni hesabu zenye kosa, na darasa zima likawa linasaka kosa kama watu waliodondosha pete. Aliita zoezi hilo "kufumua." Naye mwalimu wa ushonaji alipokwenda kukaa kwenye karakana ya useremala, alijifunza kwamba huhitaji kushindana kelele na mashine, unazima taa tu. Sauti yake iliyokuwa imekauka kwa miaka mingi ikamrudia. Anasema siku hizi hata nyumbani akitaka watoto wanyamaze anazima taa.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa utaratibu wa stuli, na sheria zake mnazijua. Huendi usipoalikwa. Huingii na karatasi wala kalamu. Ukitoka unasema jambo moja tu, nalo liwe jambo ulilojifunza wewe, maana ushauri hautakiwi hata kama unakuwasha ulimi. Na wiki inayofuata uliyemtembelea anakuja kukaa kwako.

Kulikuwa na naibu mkuu wa zamani ambaye hakuupenda. Aliona ni bora stuli ile itoe alama, ili chuo kijue mwalimu yupi ni mzuri na yupi hafai. Mama Stuli hakubishana naye. Alimkumbusha kwa adabu zote kwamba yeye ni mwalimu wa jiografia, akamwomba afundishe kipindi kimoja ili walimu wajifunze. Mheshimiwa hakuwa ameshika chaki kwa miaka mingi. Alifundisha kusoma ramani huku jasho linamtiririka, akageuza mashariki kuwa magharibi, akajikaza kisabuni mpaka kengele ikamwokoa. Mama Stuli alimwambia jambo moja alilojifunza, nalo lilikuwa zuri na la kweli. Habari ya alama haikusikika tena. Badala yake tukapewa saa nzima ya Jumatano isiyo na vipindi kwa ajili ya mazungumzo ya walimu, saa tunayoitumia mpaka leo.

Hakuishia kwenye ufundishaji. Aligundua kwamba walimu hatupumziki, kwamba hata saa ya chai tunakunywa huku tunasahihisha, na madaftari yanarudi kwa wanafunzi na alama za vikombe. Akaweka kopo la biskuti mlangoni mwa chumba cha walimu, na kila anayeingia saa ya chai anaacha humo kalamu yake nyekundu. Mwalimu wa umeme alipitisha yake kwenye soksi kwa wiki kadhaa kabla ya kukamatwa, na adhabu yake ilikuwa kuosha vikombe. Akamleta muuguzi kutufundisha namna ya kutunza koo, mgongo na usingizi. Akatuzoesha kuulizana hali na kungoja jibu. Nafikiri hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu mwalimu akiulizwa hali hujibu "salama" hata kama nyumba inaungua.

Sasa nije kwenye chumba. Nilikuwa katika mwaka wangu wa tatu hapa na nilikuwa hoi. Nilikuwa na madarasa makubwa, usingizi ulinikimbia, na kila asubuhi nilipofika getini nilitamani kugeuza. Baba mkwe alikuwa amenipa nafasi kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, nami nilikuwa nimekubali. Mwisho wa mwezi ningeaga. Chuoni sikumwambia mtu, wala sikuwahi kumwalika yeyote na stuli yake, maana nani anamwalika mgeni kwenye nyumba anayohama?

Likizo iliyokuwa imepita, milango yote ya jengo letu ilipakwa rangi upya, na fundi rangi kwa bidii yake alipaka mpaka namba zikafichika. Asubuhi hiyo mwalimu wa ushonaji alikuwa amemwalika Mama Stuli. Amevaa gauni jipya, wanafunzi wamekaa wima, anangoja. Mama Stuli akasukuma mlango usio wake. Mimi nilikuwa ubaoni nikaona stuli inaingia kwanza, kisha mwenyewe, akaniinamia kichwa na kwenda kukaa nyuma. Nilijua wamenishtukia, wamemtuma aje aone jinsi nilivyochoka.

Nilifundisha kwa woga mtupu. Nikaandaa jaribio la kimiminika kinachobadilika rangi, na kimiminika kikagoma. Nikaongeza matone, kikagoma. Wanafunzi wakaanza kucheka chini chini. Sikuwa na nguvu hata ya kujitetea, nikawauliza wao, kwa nini kimegoma? Kisha msichana aliyekaa dirishani, ambaye kwa muhula mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, akasema chupa haikuoshwa vizuri. Alikuwa sahihi. Tukaosha, tukarudia, rangi ikaja, na darasa likapiga makofi.

Kengele ilipolia Mama Stuli alinifuata mezani. Aliniambia amejifunza kwamba jaribio likishindwa, mwalimu anaweza kuliacha limeshindwa mbele ya watu wote na kuuliza kwa nini. Yeye, alisema, angelificha. Halafu akaniuliza kwa upole mlango wa ushonaji ni upi, kwa sababu ameona naandika alama za kemia tangu dakika za mwanzo na akajua amepotea. Nikamuuliza mbona hakutoka. Akanijibu, "Ningetoka, mwanangu, ungesema umefundisha vibaya mpaka mgeni amekimbia." Nilicheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa sijacheka kwa wiki nyingi.

Lakini sheria ni sheria. Aliyetembelewa lazima naye aende kutembelea. Nikamwomba baba mkwe wiki moja tu. Nilipokaa nyuma ya darasa la hisabati na kuona watu wazima wanavyofumua hesabu kwa furaha ya watoto, nikaomba wiki nyingine. Duka sasa linaendeshwa na ndugu wa mke wangu, anaendelea vizuri na ana gari. Baba mkwe mpaka leo huniita Bwana Wiki Moja.

Habari ikaenea, na msemo ukazaliwa. Ukimwona mwenzako ananyongea na hamwaliki mtu, unachukua stuli na kwenda kumwambia umekosea chumba. Yeye haruhusiwi kukutoa. Mwalimu wa umeme alikosewa chumba alipofiwa na mama yake. Mwalimu wa useremala alikosewa chumba alipokuwa na kesi ya kiwanja. Hata mkuu wetu wa chuo wa sasa, miezi yake ya kwanza, alifungua ofisi akamkuta Mama Stuli amekaa juu ya stuli anatazama jinsi anavyosaini barua.

Na ndiyo maana mwaka jana ulituuma. Shemeji alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, na mkono uliotengeneza madirisha yetu ukawa hauwezi kushika kijiko. Mama Stuli alimuuguza, na asubuhi alifika kazini nguo zimepigwa pasi kama kawaida, akijibu "salama." Sisi tuliofundishwa naye kungoja jibu la pili tulilipokea lile la kwanza, kwa sababu alikuwa yeye. Aliacha kualika watu darasani kwake. Siku moja saa ya chai mwalimu wa ushonaji alimkuta kwenye kona amejiinamia anasahihisha, kalamu nyekundu mkononi. Mwenye kopo lake! Tukatazamana.

Siku chache baadaye mkuu wa chuo alituita, mwalimu wa ushonaji na mimi. Alikuwa na huzuni iliyo wazi. Mama Stuli alikuwa amemwambia kwamba ataondoka mwisho wa mwezi. Alikuwa ameanza kurudia hesabu moja mara mbili bila kujua, wanafunzi wanamstahi tu, na hataki kumaliza miaka yote ile akiwa mwalimu wa kuonewa huruma. Mkuu alikuwa amemsihi, ameshindwa. Hakutupa amri yoyote. Alituuliza tu kama stuli ipo.

Nilikwenda mimi. Nilipita karakana, nikapanda ngazi na stuli begani, nikasukuma mlango wa hisabati. Alikuwa anageuka kutoka ubaoni. Alinitazama, akaitazama stuli na mguu wake mwekundu, akaniambia mbele ya darasa, "Mwalimu, kemia iko chini." Nikamwambia, "Samahani mama, nimekosea chumba." Nikaenda kukaa nyuma. Nikaogopa kwamba atavunja sheria yake mwenyewe na kunitoa. Hakunitoa.

Aliandika hesabu ndefu ya mzunguko wa pipa. Katikati akakosea. Mimi niliye wa kemia niliona, na nikajua hakukusudia, kwa sababu mkono wake uliendelea bila kusita kama wa mtu anayetembea usingizini. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mikono ilikuwa juu darasa zima. Wanafunzi walikuwa wanatabasamu. Walidhani ni zoezi. Mmoja akatoka akafuta mstari wa tatu, mwingine akamrekebisha aliyerekebisha, wakabishana, wakacheka, wakafumua mpaka mwisho na kushona upya wenyewe. Alisimama kando ya ubao na chaki yake, anawatazama. Wale wahitimu wa mwaka jana watakaosoma wasifu huu ndio kwanza watajua kwamba siku ile mwalimu wao alikosea kweli.

Darasa lilipotoka alikuja akakaa kwenye stuli, nami nikasimama. Alilia. Akasema hakukusudia. Nikamwambia najua. Kisha nikamwambia jambo langu moja: nimejifunza kwamba mwalimu aliyefundisha vizuri anaweza kukosea mbele ya wanafunzi wake na wakamshika. Akasema hilo ni la wanafunzi, si lake. Nikamwambia wanafunzi hawakuzaliwa wanajua kufumua.

Hakuondoka. Mkuu alimpa likizo fupi na sisi tukagawana vipindi vyake, na nawaomba radhi wanafunzi walionipata mimi kwenye hisabati. Mwalimu wa useremala akawa anakwenda kwa Shemeji mchana, na badala ya kumpa mpira wa kuminya akampa ubao na msasa. Mwanzoni Shemeji alikuwa anausukuma kwa kidole kimoja. Akaendelea. Mama Stuli alirudi akiwa amelala vizuri, akaalika watu darasani kwake wiki ileile, na wanafunzi wake wakafanya mtihani wakafaulu vizuri. Anastaafu kwa tarehe yake, kwa miguu yake, akiwa bado mwalimu bora wa hisabati tuliyewahi kuwa naye. Tunajivunia kusema hivyo, na safari hii sijatia chumvi hata chembe.

Stuli yenye mguu mwekundu inabaki chuoni. Saa ya Jumatano inabaki, kopo linabaki, na mwalimu wa umeme ameahidi kulilinda, jambo linalotutia wasiwasi kidogo. Ule ubao aliokuwa anaupiga msasa Shemeji ulikutana na mingine, ukapata miguu minne inayolingana, na sasa ni stuli ya pili. Ameimaliza kwa mkono uleule uliokuwa umelegea. Imewekwa nyumbani kwao, karibu na mlango.

Mama Stuli, asante kwa kutuonyesha kwamba mlango wa darasa unaweza kufunguliwa na mtu asife kwa aibu. Tunawatakia wewe na Shemeji asubuhi zisizo na kengele, chai ya moto hadi tone la mwisho, na usingizi wa watu waliomaliza kazi yao vizuri. Nyumbani kunaweza kuwa kimya baada ya miaka thelathini na mmoja ya kelele, na wewe tunakujua, tukikuuliza hali utajibu "salama." Kwa hiyo hatutauliza. Siku yoyote utasikia hodi, utafungua, utamkuta mmoja wetu amesimama mlangoni anajifanya anashangaa, anasema anatafuta chumba cha ushonaji. Mwonyeshe stuli ilipo.